Hita Tatu za Marehemu Persa

Jumatano, 29 Novemba

Košava imeanza. Upepo usio na adabu! Umeingia mji wetu wa Vršac alfajiri, umeangusha ndoo uani, umefungua lango nililolifunga kwa waya, na sasa unapiga mluzi kwenye tundu la ufunguo kama mtu anayemwita mbwa wake.

Nikaenda kuwasha hita. Zote tatu. Zimepoa kama jiwe la kaburi. Nimeandika neno hilo, kisha nikalitazama kwa muda. Basi, libaki.

Hizi si hita za kisasa. Ni makabati ya bati, ndani yamejaa matofali mazito. Usiku, umeme ukiwa rahisi, matofali hupashwa mpaka yakaiva. Mchana kutwa hutoa joto polepole. Mke wangu Persa aliziita punda. Wanakula usiku, wanafanya kazi mchana, hawanung'uniki. Na yeye ndiye aliyewalisha. Kila mwaka katikati ya vuli nilirudi kutoka ghalani, kwenye kiwanda cha mvinyo, nikakuta nyumba ina joto. Sikuuliza. Nani anayeuliza mkate umetoka wapi ukiwa tayari mezani?

Persa alifariki mwezi wa Aprili. Vuli hii ilikuwa ya upole, sweta lilitosha. Leo halitoshi.

Jioni binti yetu Dušica alipiga simu kutoka Pančevo. Aliuliza kama nyumba ina joto. Nikasema nimekaa na fulana tu. Akasema vizuri, maana anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kupika kwa ajili ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, na akinikuta natetemeka atanichukua. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kutandika kitanda.

Kwake kuna radieta na lifti. Kuna mkwe wangu Zlatko, mtu mwema. Lakini Zlatko ana mtakatifu wa nyumba yake, na mimi nina wangu, Alimpije, wa tarehe tisa Desemba. Mtakatifu hurithiwa na mwana wa kiume. Mwana sina. Nikihamia kwa binti nitakuwa mgeni kwenye mshumaa wa mtu mwingine, na huu wetu, uliowashwa na baba na babu katika chumba hikihiki, utazimika. Utazimwa na mimi, Živan, kwa sababu ya mabati matatu!

Na kuahirisha haiwezekani. Siku ya slava hatualiki mtu. Anayejua tarehe huja. Mtaa mzima unaijua.

Si kitu. Mtu mwenye bisibisi hashindwi.


Alhamisi, 30 Novemba

Uchunguzi. Taa zinawaka. Friji inanguruma. Fyuzi zote ziko juu. Kwa hiyo umeme upo, ila haupendi hita.

Nikazungusha vitufe vyote hadi mwisho. Hakuna. Nikavirudisha, nikavizungusha tena kwa ghafla, ili nizishtukize. Hakuna. Nikawasha feni ya hita kubwa. Ikapuliza baridi, vumbi, na harufu ya maganda ya machungwa. Persa aliyakausha juu yake kila Januari. Nikazima feni haraka, harufu isije ikaisha yote siku moja.

Kisha nikaweka gilasi kwenye bati, sikio kwenye gilasi. Huenda ndani kuna mlio. Nilikuwa nimepiga magoti hivyo Gavra aliponiona dirishani. Akauliza kwa sauti kubwa: "Vipi, jirani, unaiungamisha? Imetenda dhambi gani?"

Mimi na Gavra tumetenganishwa na ukuta mmoja. Ana hita inayochoma vidonge vya unga wa mbao, na hita yake ina rimoti. Rimoti! Anaiweka mfukoni mwa shati kama kalamu ya daktari. Tena Dušica amempa namba yake ya simu "kwa usalama". Kwa hiyo Gavra asijue chochote.

Nikasema nasikiliza panya. Baada ya muda mfupi akarudi na paka wake, kwa wema kabisa. Paka akaruka juu ya hita kubwa, akakaa, akainuka, akanitazama, akaenda kusimama mlangoni.

Huyu naye anajua.


Ijumaa, 1 Desemba

Fundi Žarko amekuja. Nimemwingiza kupitia bustani.

Alianza na gilasi ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, kwa ajili ya vidole. Kisha ya pili, kwa sababu vidole ni vingi. Akaigusa hita kwa ncha ya kidole, kama daktari aliyechelewa. Akasema: "Mzee wangu, koili zimekufa." Hakufungua hata skrubu moja. Nikauliza inawezekanaje koili za hita zote tatu zife pamoja. Akasema hita zikikaa pamoja miaka mingi, moja ikienda, nyingine nazo hukosa hamu ya...

Akaona shati langu jeusi la msiba. Akajimiminia ya tatu.

Ushauri wake: nitupe zote, ninunue mashine ya joto ya ukutani kwa shemeji yake. Nikakataa. Basi atarudi kesho na vyombo vyake. Kesho! Neno hilo kwa fundi wa Vršac ni kama neno la padri: linahusu ulimwengu ujao.

Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa. Alipotoka, Gavra alikuwa juu ya ngazi akisafisha mfereji wa paa. Akauliza fundi alifuata nini. Nikasema kengele ya mlango imeharibika. Tangu hapo Gavra ameibonyeza mara kadhaa, kunihakikishia kwamba sasa imepona.

Nimelala na koti. Nimelala upande wangu tu wa kitanda, ule wa ukutani, ingawa upande wa Persa uko mbali na dirisha na una joto zaidi.


Jumamosi, 2 Desemba

Žarko hakuja. Afadhali. Nimeifungua hita kubwa mwenyewe.

Ndani kumejaa matofali ya rangi ya kahawia, kila moja lina mifereji yake, mazito kama dhamiri. Mimi ni mtunza ghala. Kupanga ndiyo kazi yangu. Kila tofali nimelipa namba kwa chaki, na nimeyalaza uani kwa safu, kama yalivyokuwa ndani, ili yapate hewa. Mgongo umekatika, lakini safu zilikuwa nzuri! Nilitamani Persa azione. Angesema, "Živane, ni nzuri sana, sasa tutakaa wapi?"

Nyuma ya hita nilikuta kipini chake cha nywele, kifungo cha pajama zangu, na malkia wa kopa. Karata ile ilipotea zamani. Miaka yote nimeamini Gavra aliiba, na nilimwambia hivyo mbele ya watu, kwenye harusi. Sitamwambia nimeipata. Mambo mengine ni bora yabaki yalipozoea.

Kisha nikazikagua koili. Ziko nzima, za kijivu, zimejinyonganyonga. Nilizitazama sana. Ndipo nikagundua kwamba sijui koili iliyokufa inafananaje. Nikaendelea kuzitazama kwa heshima hadi giza likaingia.


Jumapili, 3 Desemba

Mvua! Na upepo! Nilikimbilia uani na turubai. Nimechelewa. Chaki imeoshwa yote.

Lakini hilo ni dogo, kwa sababu matofali yenyewe hayapo.

Safu tupu. Nyasi zimelala pale yalipokuwa. Nikazunguka nyumba mara mbili, kana kwamba yameenda kutembea. Kisha nikachungulia juu ya ua. Košava ilikuwa imepeperusha nailoni iliyofunika mifuko ya vidonge ya Gavra. Na Gavra amekwisha kuirudisha na kuikandamiza pande zote kwa matofali. Yangu.

Akaniona. Akapunga mkono kwa furaha. "Asante sana, jirani! Nilijua tu iko siku utayatupa hayo majeneza ya bati! Mazito, yanafaa kweli!"

Nifanyeje? Nikisema nayataka, atauliza ya nini. Nikisema bado nazihitaji hita, atajua moja iko wazi kama samaki aliyepasuliwa. Akijua yeye, Dušica atajua kabla sijafika mlangoni kwangu.

Nikasema karibu.

Karibu! Nimempa jirani yangu moyo wa nyumba yangu, tena nikasema karibu.


Jumatatu, 4 Desemba

Mpango. Katika banda la zamani la nguruwe kuna matofali ya kawaida. Gavra akienda sokoni, ninaruka ua, natoa tofali langu, naweka la kawaida. Moja moja, taratibu, bila pupa. Gavra hatazami matofali, anatazama rimoti.

Alipoondoka niliruka. Si kuruka hasa. Nilining'inia, kisha nikaanguka upande uliotakiwa. Nikatoa tofali la kwanza pembeni. Nilikuwa bado nimeinama kuchukua la badala Košava ilipoingia chini ya nailoni.

Sijawahi kuona kitu kikiondoka kwa furaha vile. Ilipanda juu ya mti wa mlozi, ikageuka mara moja kama inaaga, ikaenda upande wa kanisa. Na mvua ikaanza upya. Vidonge vya mbao vikinyeshewa huvimba. Vinakuwa uji. Nilijilaza juu ya mifuko nikijaribu kuifunika kwa koti langu, lakini mtu mmoja hana ukubwa wa nailoni.

Gavra alirudi, akaona, akakaa kwenye ngazi. Akasema ni upepo. Sikumbishia. Akasema kwa bahati mbaya ndiyo mifuko aliyonunua kwa msimu wote. Nikasema upepo huu hauna Mungu.

Nikampelekea sufuria ya maharage ya mfungo wa Krismasi. Akaniambia niketi naye tule pamoja, mvua ikatike. Alikuwa bado na vidonge vikavu ndani. Palikuwa na joto pale. Miguu yangu ikaanza kuuma kwa kuyeyuka. Sikumbuki zaidi. Niliamka nimefunikwa blanketi la Gavra, paka mapajani, na Gavra akiosha sufuria yangu, polepole ili isigonge.

Nimefika nyumbani nikiwa na aibu kubwa na tofali moja.


Jumatano, 6 Desemba

Jana sikuandika. Vidole.

Leo Dušica alisema atapiga simu ya picha. Anataka kuniona. Nikajiandaa vizuri. Nikavaa fulana. Nikasugua mashavu mpaka yakawa mekundu. Nikajinyunyizia maji usoni, yawe jasho. Nikakaa mbele ya hita ya jikoni na gazeti, najipepea.

Ilianza vyema. Nikasema uf! Nikasema huenda nikafungua dirisha. Akanitazama. Akauliza: "Baba, mbona moshi unakutoka mdomoni?"

Sikulifikiria hilo. Nikafunga mdomo. Ukatoka puani.

Nikasema nimerudia sigara.

Ee Mungu. Alilia. Alisema mama alinibembeleza miaka kumi niache, na sasa hata mwaka haujaisha. Akasema hakika siwezi kuachwa peke yangu. Nikataka kusema si kweli, sijagusa sigara, ila hapo ningelazimika kueleza mvuke. Nikaomba radhi kwa sigara nisiyoivuta. Nilitetemeka kwa baridi, naye akadhani ni majuto, akalainika kidogo.

Baada ya simu nilikaa nimevaa koti na kofia, na mfarishi juu. Nikagusa bati la hita. Persa alipopita hapa aliliwekea kiganja kila mara, bila kufikiri, kama unavyogusa kichwa cha mtoto. Rangi imefifia pale. Kiganja changu ni kikubwa, kinatoka nje ya alama pande zote.


Alhamisi, 7 Desemba

Mama mkubwa Kosa, mjane wa kaka yake baba, ameletwa na jirani yake ili achemshe ngano ya slava. Ana zaidi ya miaka tisini na haogopi mtu. Alivua kilemba, akakivaa tena. Akauliza kama tunamhifadhi marehemu mwingine humu ndani.

Nikamwambia ukweli. Kwake huwezi kusema panya.

Akasaga njugu, akasikiliza yote: fundi, matofali, nailoni, moshi. Akasema marehemu baba yangu naye alikuwa hivyo, alitengeneza mwavuli mpaka ukawa hatari. Kisha akaanza kusema habari za Persa, jinsi alivyomhudumia siku ile ya kifo. Ndivyo wazee wanavyoliwaza, wanakuhesabia kwamba kila kitu kilifanywa sawasawa. Alifunika vioo kwa kitambaa cheusi. Alifungua dirisha. Alisimamisha saa zote za nyumba, kama inavyotakiwa mtu akifia nyumbani: ya sebuleni, ya jikoni, ya chumbani. "Hata ile iliyojificha kwenye kabati la nyaya, mwanangu. Niliisikia inatikatika kama mende. Nikaikomesha kwa kijiti cha kiberiti."

Nikauliza saa gani ya kabati la nyaya.

Nilikwenda korido. Kabati la mita. Nyuma ya fyuzi kuna saa ndogo, sikujua kama ipo. Ndiyo inayoufungulia umeme wa usiku njia ya kufika kwenye hita. Ndiyo inayowaambia punda wakati wa kula. Katikati ya meno ya gurudumu lake, kijiti cha kiberiti.

Baada ya siku arobaini tuliziwasha saa nyingine zote. Hii hakuna aliyeikumbuka.

Nikashika kijiti kwa vidole viwili. Kazi ya mtoto. Unavuta tu, basi, nyumba inapona.

Mishale imesimama palepale. Ni saa ileile. Dirisha lilikuwa wazi, na Persa alikuwa ameniomba maji, nami nilikuwa nimekwenda kuyaleta. Kila saa nyingine duniani imeshapita hapo na kuendelea, hata yangu ya mkononi. Hii tu ndiyo bado iko naye.

Nikafunga kabati.

Mama mkubwa aliuliza kama nimekitoa. Nikasema kimekwama. Alivitazama vidole vyangu, akarudi kwenye ngano yake.


Ijumaa, 8 Desemba

Dušica amekuja na basi la asubuhi badala ya lile la mchana.

Alinikuta nimevaa makoti mawili nikikatakata vitunguu kwa glavu. Aliona hita kubwa iko tupu, na tofali moja ndani yake limewekwa katikati kama sanamu. Akapanda kiti, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kutia nguo zangu. Anakunja mashati kama mama yake, mikono nyuma.

Nikasema mshumaa. Nikasema Alimpije. Akasema, "Baba, Alimpije alikaa juu ya nguzo miaka na miaka kwenye baridi. Mtakatifu yule anaweza. Wewe huwezi."

Ndipo Mama mkubwa Kosa akamwita jikoni. Sikusikia walichosema. Nilimwona Dušica akitoka, akienda korido, akifungua kabati. Alisimama pale muda mrefu, mkono mdomoni. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, kama ningependa kutoka uani kidogo.

Nikatoka. Nikasimama karibu na banda la nguruwe. Nilitazama upepo.

Niliporudi saa ilikuwa inakwenda. Kijiti alinipa. Nimekiweka kwenye kiberiti pamoja na vingine, kisha nikakitoa, maana ningekuja kukiwasha bila kujua.

Baada ya hapo ilibidi kwenda kwa Gavra na kusema yote. Lo! Alisikiliza akiwa amekunja mikono. "Kwa hiyo ulikuwa husikilizi panya. Na kengele ilikuwa nzima. Na mimi mjinga nazunguka nikibonyeza!" Akaendelea hivyo njia nzima, huku akisukuma toroli lililojaa matofali, na wala hakuniachia nisukume mimi. La nailoni sikulitaja. Si lazima yote yatoke siku moja.

Matofali tumeyarudisha bila namba. Yameloa. Yameingia yote isipokuwa mawili.


Jumamosi, 9 Desemba. Mtakatifu Alimpije

Asubuhi hita ya chumbani na ya jikoni zilikuwa za moto. Za moto! Nilikaribia kuzisalimu. Ile kubwa ilitoa mvuke, ikanuka mbwa aliyetoka mtoni, ikaangusha fyuzi. Tukaiacha ikauke polepole. Sebule baridi tupu.

Kwa hiyo slava tumeifanya chumbani. Wapi pengine? Meza haikupita mlangoni, tukaweka ubao juu ya mashine ya kushonea ya Persa. Ikoni, mkate, ngano, mvinyo, mshumaa. Niliuwasha mwenyewe.

Kisha watu wakaja. Walikuja wote! Walikaa kitandani kwa safu kama kuku, wengine dirishani, mwenye duka la mikate alikaa juu ya sanduku langu. Nilikuwa nimeweka hita kwenye alama ya mwisho kabisa na kitufe kimekwama hapo. Padri alikata mkate huku jasho likimtoka ndevuni. Tukala samaki na maharage. Hakuna wimbo, nyumba bado ina msiba. Mtu mmoja akaomba dirisha lifunguliwe kidogo tu. Chumba kizima kikamzomea. Mlango uko wazi upande ule, dirisha upande huu, unataka upepo upite katikati utuue sote? Mama mkubwa Kosa alisema amezika watatu kwa upepo wa namna hiyo. Dirisha likabaki limefungwa. Mshumaa ukaanza kulegea na kuinama, kama nao unataka kukaa.

Dušica aliniona nikiushikilia kwa vidole usianguke. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Aprili. Alicheka mpaka akaegemea kabati la nguo, kisha ikawa si kicheko tena, mimi nikiwa bado nimeshikilia mshumaa na siwezi kumwendea. Gavra akampa kitambaa.

Jioni Dušica alitoa nguo zangu sandukuni. Akasema nitakaa hapa msimu huu wa baridi. Mwakani tutaona. Mshumaa umebaki wangu.

Ningefurahi. Nimefurahi. Ila nimelala nikisikiliza korido. Tik, tik. Inakwenda, tena haraka, kama mtu aliyechelewa anayejaribu kuwafikia wenzake.


Jumapili, 10 Desemba

Dušica ameondoka. Kabla ya kuondoka alinishika masikio yote mawili akasema nisiguse chochote. Nikaahidi.

Nyumba ina joto. Hata ile kubwa imekauka, ikala usiku, ikaamka. Kimya kabisa, isipokuwa saa. Zamani haikusikika. Zamani kulikuwa na mtu wa kuzungumza.

Nimefikiri sana. Hita hazihitaji saa. Zinahitaji umeme. Saa ni mlango tu ambao umeme hupitia, na mlango ukiondolewa nyumba inabaki nyumba. Kwa nini sikuliona hili mapema! Joto nitalipata, na saa ya Persa pia nitaipata.

Nilizima fyuzi kwanza, mimi si mjinga. Nikatoa skrubu, nikaitoa saa. Nikarudisha mishale palepale ilipokuwa. Nikachomeka kijiti. Nimeitundika juu ya kitanda, upande wake. Imependeza.

Kwenye kabati zimebaki nyaya zinazoning'inia, za rangi mbalimbali. Nikaunganisha zile zilizoelekea kujuana. Sielewi kwa nini mafundi hujifunza miaka. Nikapandisha fyuzi.

Baadaye.

Kulikuwa na mlio kama wa pipa la mvinyo kupasuka, na mwanga wa buluu. Mimi sijambo. Nyusi moja imepungua. Nyumba yangu ilizimika, kisha ya Gavra, kisha upande wote huu wa mtaa hadi duka la mikate.

Hodi ikapigwa. Kwa ngumi, kengele haifanyi kazi. Gavra, koti juu ya pajama. Kumbe hita yake bila umeme ni kabati la kuwekea vidonge. Haiwaki, haipulizi, haijibu. Akaomba akae kidogo. Nikamkaribisha sebuleni, maana matofali yangu bado yana joto la usiku mzima. Alibandika mgongo kwenye bati, akafumba macho. Akasema: "Živane, ndugu yangu, nisamehe. Vitu vya zamani ndivyo vitu."

Nilimsamehe.

Kisha akauliza ni mjinga gani anaweza kuchoma laini ya mtaa mzima siku ya Jumapili. Nikasema ni upepo.

Sasa amesinzia hapa. Naandika kwa tochi. Watu wa umeme wataletwa na mwenye duka la mikate, watatengeneza, watakwenda zao. Sioni haja ya kumsumbua Dušica, amesafiri, amechoka.

Namwonea huruma Gavra. Hita mpya namna ile, na inazimika kwa jambo dogo! Lazima ina kasoro mahali fulani. Akiamka nitamwambia asiite fundi. Kesho nitamfungulia hita hiyo mwenyewe, nianze na ubavu wa nyuma.